Watoto 112, Mwalimu Mmoja: Maswali ya Walimu wa Msingi na Majibu Yake

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa walimu wa shule za msingi za Serikali, Tanzania Bara: yupo aliyeripoti kituoni juzi, yupo anayekaribia kustaafu. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma mwisho wa Darasa la Pili ataketi madarasa yote yanayofuata akinakili ubao bila kuelewa anachonakili.

Nimeajiriwa mwaka huu na kupangiwa shule ya kijijini wilayani Nkasi. Mwalimu mkuu amenikabidhi Darasa la Kwanza lenye watoto 112, chumba kimoja, kitabu kimoja kwa watoto watano. Nyumbani wengi wao wanazungumza Kifipa. Nikiimbisha silabi wanaitikia vizuri, lakini nikimwita mmoja mmoja ubaoni anakwama. Nianzie wapi?
*Mwalimu mpya, Rukwa*

Mwalimu, simamisha silabi kwa wiki moja na kwanza ujue nani anajua nini. Mwite kila mtoto kwa dakika mbili. Mwonyeshe irabu tano zikiwa zimechanganywa, aandike jina lake, ahesabu visoda kumi huku akivigusa kimoja kimoja, nawe uangalie anavyoshika penseli. Watoto 112 kwa dakika mbili ni dakika 224, hazifiki saa nne. Ukipima 23 kwa siku, Ijumaa umemaliza. Wenzao wakati huo wachore au wafinyange udongo chini ya mti, wakiangaliwa na mwalimu mwenzako. Matokeo yaandike kwenye daftari la peke yake, jina kwa jina, kwa alama tatu tu: anajua, anajuajua, hajui.

Kinachokutokea ubaoni kina sababu. Mtoto anayeimba "ma, me, mi, mo, mu" ameshika wimbo, na macho yake huenda hayako ubaoni kabisa. Kwa kuwa mpangilio haubadiliki, hana haja ya kutazama. Andika "mo, ma, mu, me, mi", gusa hapa na pale bila utaratibu, na utamjua anayesoma. Kisha iweke silabi katikati ya neno: akiitambua "mo" peke yake lakini akashindwa kwenye "kimo", bado hajaimiliki.

Anza na sauti. Herufi m itamkwe kwa midomo iliyofumbwa, isiwe "em" wala "mu", maana mtoto aliyezoea "mu" ataunganisha "mu" na "a" apate "mua" badala ya "ma". Fundisha irabu zote tano mpaka zikae, kisha konsonanti chache zinazozaa maneno mengi. Ukiwa na m, k na t pamoja na irabu, tayari mtoto anasoma mama, kaka, kuku, moto, tamu, kata, toka, teke, kimo, kamata. Hayo ni maneno yenye maana, si silabi za kupiga kelele. Epuka kwanza maneno kama mti na mkeka, kwa kuwa m hapo inasimama peke yake kama silabi na itamchanganya aliyekwisha kuambiwa kwamba m hufuatwa na irabu. Yalete baadaye, siku yake. Konsonanti mbili zinazoungana (mb, nd, ng, ny, mw, kw, ch, sh) zifuate konsonanti moja moja zikiisha kukaa; th, dh na gh baada ya hapo; mbw, ngw na njw mwishoni kabisa. Na usifundishe b na d wiki moja. Fundisha b, iache iote mizizi kwa wiki kadhaa, ndipo ulete d. Zikija pamoja, wapo watakaozigeuza hadi Darasa la Nne.

Kipindi chako ni dakika 30. Tumia tano kurudia sauti za jana kwa kadi, nane kwa sauti mpya, kumi na mbili kwa kazi ya makundi, na tano za mwisho kuwasikiliza watoto watano au sita uliowachagua kabla hujaingia darasani. Kadi zikate kutoka maboksi ya dukani, ukubwa wa kiganja, herufi moja au silabi moja kila kadi, kwa maka peni nyeusi. Ubaoni, herufi ziwe na kimo cha sentimita tano hivi, na ziandikwe kwenye theluthi mbili za juu, kwa kuwa theluthi ya chini haionwi na walioketi sakafuni nyuma ya wenzao. Chaki nyekundu na ya buluu hazisomeki kutoka nyuma, kwa hiyo zitumie kupigia mistari tu. Kabla ya kuanza, mwombe mtoto wa kona ya mbali zaidi asome ulichoandika.

Kitabu kimoja kwa watoto watano ni shida kubwa kuliko inavyoonekana. Wakikizunguka, wawili hukitazama kikiwa juu chini, na kweli wapo wanaojifunza kutambua herufi kwa upande huo. Bora kundi lifanye kazi ya kadi au ya kuandika, na kitabu kishikwe na wawili wawili kwa dakika nne, kisha kipite.

Kuhusu Kifipa: mtoto hawezi kusoma kwa kuelewa neno ambalo hajawahi kulisikia. Kabla ya kuandika "teke" au "kimo", lionyeshe kwa tendo au kwa kitu, walitamke, walitumie katika sentensi, ndipo waone maandishi yake. Akikujibu kwa lugha ya nyumbani, pokea jibu na umpe kwa Kiswahili. Ukimkemea atanyamaza hadi Juni. Hata matamshi yasikupotoshe. Mtoto ambaye lugha yake haitofautishi l na r anaweza kutamka "lula" akiwa ameiona "rula" sawasawa. Mwambie akuonyeshe kadi yenye r. Akiionyesha, anasoma.

Kusahihisha madaftari 112 kila siku hakuwezekani, na anayedai anafanya hivyo anapiga vyema bila kutazama. Gawa darasa katika makundi manne ya watoto 28. Kila siku sahihisha kundi moja kwa makini, ukiandika herufi ambayo mtoto anakosea, na yale mengine matatu uyapitie ukitembea kati yao. Ndani ya siku nne kila mtoto ameonwa na jicho lako.

Kosa linaloharibu darasa kubwa huja polepole. Watoto kama 20 hunyoosha mkono kila mara, mwalimu huwauliza hao, somo huonekana limeeleweka, na wale 92 hubaki. Andika majina yote kwenye vijiti, viweke kwenye kopo, na anayechomolewa ndiye anayejibu. Akishindwa, mpe swali jepesi zaidi kabla hajaketi.

Tuseme wazi pia kwamba kumpa mwalimu mgeni Darasa la Kwanza la watoto 112 akiwa peke yake ni upangaji mbaya. Darasa hilo lilistahili mwalimu bora kuliko wote shuleni. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mwandikie mwalimu mkuu, kwa heshima, ukiambatisha matokeo ya upimaji wako, na upendekeze mambo mawili: darasa ligawanywe mikondo miwili ya watoto 56, asubuhi na mchana ikiwa chumba ni kimoja, na mwalimu mzoefu aketi darasani mwako kipindi kimoja kila wiki. Barua yenye takwimu za watoto humpa mwalimu mkuu kitu cha kupeleka kwa Afisa Elimu Kata na kwenye kamati ya shule.

Wanafunzi wangu wa Darasa la Tatu wanajumlisha vizuri, lakini 52 kutoa 37 wengi wanaandika 25. Nimeeleza "kukopa" mpaka nimechoka.
*Mwalimu wa Hisabati, Korogwe*

Hao hawajakosea ovyo. Wanatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 3 ni 2. Huenda ni wewe au mwenzako aliyewaambia Darasa la Pili kwamba "namba kubwa haitolewi kwenye ndogo", nao wamelitii neno hilo. Hakikisha kwa maswali matatu tu: 58 − 23, 52 − 37 na 60 − 24. Anayepata la kwanza, akaandika 25 kwenye la pili na 44 kwenye la tatu, ana tatizo hilohilo, na kumwongezea maswali kumi ya aina hiyo ni kumfanyisha mazoezi ya kukosea.

Rudi kwenye vijiti. Kila kundi la watoto sita liwe na vijiti 100 vya urefu wa sentimita kumi na mipira ya kufungia. Visoda ni vizuri kwa kuhesabu lakini hapa havifai, havifungiki kuwa kibunda. Watoto waweke vibunda vitano vya kumi na vijiti viwili: hiyo ndiyo 52. Waambie watoe saba kwenye vile viwili. Waache wahangaike kidogo. Lazima mmoja wao aone mwenyewe kwamba kibunda kifunguliwe. Sasa kuna vibunda vinne na vijiti 12. Toa saba, vinabaki vitano. Toa vibunda vitatu, kinabaki kimoja. Jibu ni 15.

Vijiti peke yake kwa siku tatu au nne. Kisha vijiti na maandishi kwa pamoja: kibunda kinapofunguliwa, ndipo 5 inakatwa na kuandikwa 4 juu yake, dakika hiyohiyo. Walimu wengi huruka hatua hii ya kati, wakihama kutoka vijiti hadi ubaoni kwa siku moja, na mtoto haoni uhusiano kati ya alichoshika na kile kinachokatwa. Vijiti viondolewe mwishoni kabisa, navyo vibaki kwenye kopo kwa anayevihitaji.

Sifuri ya katikati ina siku yake. Kwenye 403 − 158 hakuna kibunda cha kumi cha kufungua, kwa hiyo mia moja ifunguliwe kwanza kuwa makumi kumi, ndipo kumi moja ifunguliwe kuwa mamoja. Yanabaki mamia 3, makumi 9 na mamoja 13. Ukitoa unapata 245. Kila mtoto athibitishe kwa kujumlisha 245 na 158. Tabia hiyo ya kujihakiki, ikianza Darasa la Tatu, itamwokoa kwenye upimaji wa Darasa la Nne.

Shuleni kwetu kila mwalimu ana fimbo yake. Wazazi wanasema tuchape. Sheria inasemaje hasa?
*Mwalimu wa kike, Geita*

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka mambo haya: kosa liwe zito, anayechapa awe mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu chake ikionyesha jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa, kisha mwalimu mkuu atie saini. Umri na afya ya mtoto lazima vizingatiwe.

Sasa pima shule yako kwa hayo. Mwalimu anayechapa kwa sababu mtoto amekosa jibu la hesabu, au amechelewa, yuko nje ya kanuni, hata mzazi akiwa amemwomba. Ruhusa ya mzazi haimkingi mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) wala mbele ya polisi mtoto akiumia. Msimamo wetu ni kwamba fimbo isiingie darasani kabisa. Mtoto anayeogopa hataki kujaribu, na asiyejaribu kusoma kwa sauti hatajua kusoma.

Utulivu unajengwa na vitu vidogo. Kazi iwe ubaoni kabla watoto hawajaketi, kwa maana kelele nyingi huanza katika zile dakika tano ambazo mwalimu anatafuta chaki. Simama karibu na wanaoongea huku ukiendelea kufundisha. Usiwapigie kelele kutoka mbele. Kanuni za darasa ziwe tatu, zisizidi, nao wenyewe wazitaje kila Jumatatu. Anayechelewa kila siku, muulize peke yake anatoka wapi na alifanya nini asubuhi hiyo. Mara nyingi utasikia habari ya maji, ya mdogo wake, au ya kilomita tano za miguu, na hapo linakuwa jambo la kuzungumza na mzazi.

Nina cheti cha Daraja A na nimekaribia kumaliza shahada Chuo Kikuu Huria. Sikuomba ruhusa ya mwajiri kwa kuwa nasoma jioni na likizo. Je, nitabadilishiwa muundo, yaani nihamishiwe cheo na mshahara wa wenye shahada?
*Mwalimu, Singida*

Hilo la ruhusa ndilo linalokwamisha wengi, hata wanaosoma kwa masafa. Andika sasa barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, ueleze chuo, kozi, mwaka ulioanza na utakaomaliza, na uombe jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usidanganye tarehe, maana barua ya udahili itakuumbua. Ukihitimu, wasilisha nakala zilizothibitishwa za cheti na matokeo ya masomo yote kwa Mkurugenzi na kwa ofisi ya TSC ya wilaya, zote mbili, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Baada ya hapo subira inahitajika. Kubadilishiwa muundo kunategemea ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mishahara, ambayo huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Ukileta vyeti Mei, umechelewa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai hiyo. Kutoka ngazi ya mshahara ya TGTS B kwenda TGTS D utaanza kwenye cheo cha kuingilia cha wenye shahada. Na mabadiliko yanahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua yako ya kubadilishiwa muundo, kwa hiyo usikope benki kwa kutegemea siku ya mahafali.

Neno moja zaidi: wengi wakipata shahada huomba kuhamia sekondari. Ni haki yao. Lakini shule ya msingi inamhitaji mwalimu mwenye shahada pengine kuliko sekondari, hasa Darasa la Kwanza na la Pili, nasi tungefurahi ukibaki.

Nina miaka 57, nimefundisha tangu 1990, sasa niko Masasi. Vyeti vyangu vina jina la ukoo tofauti na kitambulisho cha NIDA. Nijiandae vipi kustaafu bila kusumbuka?
*Mwalimu wa siku nyingi, Mtwara*

Shikamoo mwalimu. Lazima ustaafu ukitimiza miaka 60, na kuanzia 55 ungeweza kuondoka kwa hiari. Miaka mitatu uliyo nayo inatosha, mradi uanze mwaka huu na jina.

Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na ualimu, barua ya ajira, hati ya mshahara, NIDA, akaunti ya benki na taarifa za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Herufi moja ikizidi inatosha kurudisha maombi. Ikiwa jina la ukoo lilibadilika kwa ndoa au sababu nyingine, muone wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe, kisha nakala ipelekwe kwa mwajiri, TSC na PSSSF. Kiapo cha kawaida cha mahakamani hakitoshi kila mahali, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa.

Pili, angalia miaka yako. Mfuko wa pensheni wa PSPF ulianza kukusanya michango Julai 1999, na mwaka 2018 uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF. Utumishi wako wa 1990 hadi Juni 1999 haumo kwenye orodha ya makato. Ushahidi wake ni barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za vyeo za wakati huo. Ikiwa umezipoteza, nenda masjala ya halmashauri iliyokuajiri kwanza na ofisi ya TSC ya wilaya ukaombe nakala kutoka kwenye jalada lako. Ukihama wilaya, jalada wakati mwingine hubaki nyuma. Usisubiri mwezi wa mwisho kuligundua hilo.

Kwa miaka iliyofuata, omba taarifa ya michango au iangalie kwenye programu ya PSSSF Kiganjani. Kila mwezi unapaswa kuona asilimia 5 yako na 15 ya mwajiri. Miezi yenye pengo iandike, tafuta hati za mshahara za miezi hiyo, na uzipeleke pamoja kwenye ofisi ya mfuko. Penye pengo na hati ya mshahara ipo, suala linamalizika haraka. Pasipo na hati, ni safari juu ya safari.

Tatu, hakiki kwenye jalada mahali palipoandikwa kuwa ndipo kwenu. Mwajiri hugharimia nauli yako na ya familia na kusafirisha mizigo hadi hapo. Ikiwa kumbukumbu inataja wilaya uliyozaliwa nawe umejenga kwingine, rekebisha kwa barua ungali kazini.

Taarifa ya kustaafu mpe mwajiri miezi sita kabla. Wakati huohuo kabidhi darasa kwa utaratibu: daftari la watoto wanaohitaji msaada wa kusoma, maazimio ya kazi ya miaka miwili ya mwisho, na zana zako zote za kufundishia ziandikwe na zipokelewe na mwalimu anayekufuata. Mkae naye darasani angalau mwezi mmoja.

La mwisho ni wategemezi. Fomu uliyojaza ulipoanza kazi huenda inataja watu waliokwisha kufariki, na haiwataji watoto uliozaa baadaye. Jaza upya, ambatisha vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa, na nakala ya jalada lote mpe mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma barua za ofisi.